SOMO LA ROBO HII: UJIRANI WA TANZANIA NA BURUNDI UNAVYOMGUSA MKULIMA WA KABANGA



Ninapotembelea vikundi vya kuweka na kukopa, swali linalorudi kila mara si la riba wala la katiba ya kikundi. Ni hili: "Mratibu, maharage yetu tukiyapeleka ng'ambo tutakamatwa?" Ng'ambo maana yake Burundi. Mara ya mwisho niliulizwa Kabanga, na mama aliyeuliza alikuwa na sababu. Kikundi chao kilikopa, kikakusanya magunia ya maharage, kikamkabidhi dalali mmoja ayavushe usiku kwa njia ya panya. Mzigo ukakamatwa na dalali akatoweka. Wanachama 18 waliendelea kulipa mkopo wa maharage ambayo hawakuyauza wala kuyala.

Siku ile nilijibu kwa kifupi, lakini jibu lenyewe linahitaji somo. Mambo ambayo viongozi wa nchi hizi mbili wamekuwa wakikubaliana Arusha, Dar es Salaam na Bujumbura ndiyo yanayoamua kama gunia la Kabanga litavuka mchana au usiku. Somo hili lisomwe katika vikundi, sehemu moja moja, na lijadiliwe.

Kwanza nitoe mkanganyiko. Kila nikijitambulisha Dar es Salaam kuwa natoka Kabanga, watu huniuliza habari za nikeli. Hiyo ni Kabanga ya Ngara, mkoani Kagera, penye madini na kituo cha pamoja cha forodha cha Kabanga na Kobero, ambako malori ya Bujumbura hupita. Kabanga yetu ni ya Kasulu, ya hospitali na chuo cha ualimu. Mpaka wetu wa karibu ni Manyovu, wilaya ya Buhigwe, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Kasulu. Wenzetu wa Kibondo huvukia Mabamba.

Mpaka na njia ya kwenda baharini

Tanganyika, Rwanda na Burundi zilikuwa chini ya Mjerumani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Mwingereza akapewa Tanganyika, na Mbelgiji akachukua Ruanda-Urundi. Hakuna aliyewauliza Waha na Warundi, ambao hadi leo wanasikilizana bila mkalimani.

Mbelgiji aligundua mara moja kuwa nchi aliyopewa haina bahari. Mwaka 1921 akafanya mkataba na Mwingereza: apewe maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam, ayapange milele kwa faranga moja kwa mwaka. Maeneo hayo yaliitwa Belbase. Wazee wa Kigoma wanalijua jina hilo. Tarehe 30 Novemba 1961, siku chache kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere aliliambia Bunge kwamba Tanganyika huru haiwezi kufungwa na upangaji wa milele ambao wananchi wake hawakuukubali. Msimamo huo ulipanuka ukawa kanuni kuhusu mikataba yote ya kikoloni, na wanasheria wa dunia hadi leo huuita kwa jina lake.

Naomba vikundi vitulie hapa. Mwalimu aliukataa mkataba, hakuikataa mizigo ya jirani. Burundi ilipopata uhuru Julai 1962, bidhaa zake ziliendelea kupita bandari zetu na reli yetu ya Kati, na hadi leo sehemu kubwa ya mizigo ya Burundi hupitia Dar es Salaam. Jirani asiye na bahari anatuhitaji, na sisi tunahitaji ushuru wa bandari, kazi za malori na wateja wake. Kila upande una cha kupoteza, na makubaliano mengine yote yamesimama juu ya hilo.

Jirani akiungua

Nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye alipouawa. Nakumbuka watu wakipita barabarani na magodoro kichwani, na mama akipika uji wa watu asiowajua. Hawakuwa wa kwanza. Waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na shirika la TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Shirikisho la Walutheri Duniani, lilifanya kazi nao huko kwa miaka mingi. Lakini hawa wa 1993 walikaa kwetu. Mtabila, Muyovosi, Nduta, Kanembwa, Mtendeli: majina ya vijiji na misitu yakageuka majina ya kambi. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo na baadaye ikapokea Warundi pia.

Tusidanganyane kwamba ulikuwa ukarimu mtupu. Machi 1995 Serikali yetu ilifunga mpaka wa Burundi ili kuzuia wimbi jipya. Mwaka 1997 jeshi liliwakusanya Warundi waliokuwa wakiishi vijijini mkoani Kigoma na kuwapeleka kambini, wakiwemo waliokaa miaka mingi na kuoa kwetu. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ikaweka msingi wa kuwabana makambini, na kutoka zaidi ya kilomita nne bila kibali likawa kosa. Serikali ya Burundi nayo ililalamika kuwa waasi wanajificha katika kambi zetu. Tanzania ilikanusha. Kati ya malalamiko hayo mawili, mwananchi wa Kibondo aliogopa kupanda basi kwa sababu ya majambazi wenye silaha za kivita.

Tarehe 25 Julai 1996 Meja Pierre Buyoya alitwaa madaraka kwa mapinduzi. Siku sita baadaye viongozi wa ukanda huu walikutana Arusha wakakubaliana kuiwekea Burundi vikwazo vya uchumi, Tanzania ikiwa mstari wa mbele. Vililegezwa mwaka 1997 na kusimamishwa Januari 1999. Je, vilifaa? Vikundi vijadili. Wapo wanaosema vilimlazimisha Buyoya kuketi mezani, na mimi nakubaliana nao kwa kiasi. Lakini magendo yalishamiri, walio karibu na wakubwa wakatajirika, na bei ya chumvi na mafuta ilimuumiza mama wa Makamba ambaye hakumpindua mtu. Njia nyingi za panya zinazotupotezea mizigo leo zilipanuliwa miaka ile.

Kilichofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni uvumilivu wa mazungumzo. Mwalimu Nyerere aliyasimamia hadi alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999. Mzee Nelson Mandela akapokea, na tarehe 28 Agosti 2000 Mkataba wa Arusha ukasainiwa na pande 19. Vita haikuisha siku ile, maana makundi makubwa yenye silaha hayakuwa yamesaini. CNDD-FDD ilisaini Dar es Salaam Novemba 2003, na FNL ya Agathon Rwasa ikasaini hapo hapo Septemba 2006. Miaka sita kutoka saini ya kwanza hadi ya mwisho! Ninapoona kikundi kinavunjika kwa sababu upatanisho wa wanachama wawili umeshindikana kwa mkutano mmoja, huwa nawakumbusha hesabu hii.

Aidha, Desemba 2006 nchi za Maziwa Makuu zilisaini Mkataba wa Usalama, Utulivu na Maendeleo jijini Nairobi, na makao ya sekretarieti yakawekwa Bujumbura. Nchi hizo ziliahidi kutoshambuliana na kutoyapa hifadhi makundi yenye silaha ya jirani. Mashariki mwa Kongo ahadi hiyo imevunjwa mara nyingi, na mwezi Februari 2025 viongozi wa Afrika Mashariki na wa SADC walilazimika kukutana kwa pamoja Dar es Salaam baada ya Goma kutekwa. Kati ya Burundi na sisi imeshikika vizuri zaidi, ingawa majaribu hayakukosekana. Mwaka 2015 muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza ulizua machafuko, na maelfu ya watu walirundikana Kagunga, kijiji kidogo kando ya ziwa, kipindupindu kikawakuta hapo. Meli yetu kongwe ya Liemba ndiyo iliyowabeba hadi Kigoma. Nduta na Mtendeli zikafunguliwa upya. Mtendeli ilikuja kufungwa mwaka 2021.

Nchi yetu ilifanya jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha: wakimbizi zaidi ya 160,000 wa mwaka 1972 walipewa uraia wa Tanzania. Si nchi nyingi duniani zimefanya hivyo kwa mkupuo.

Biashara: nini kimeruhusiwa?

Sasa narudi kwa mama wa Kabanga. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na Julai 2009 ikaanza kutumia Umoja wa Forodha. Maana yake ni kwamba mazao yaliyolimwa Kasulu hayatozwi ushuru wa forodha yakiingia Burundi, mradi yathibitishwe kuwa ni ya Kasulu. Uthibitisho huo ni cheti cha uasili wa bidhaa. Kwa mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, na bidhaa zilizomo katika orodha ya Jumuiya, kipo cheti kilichorahisishwa ambacho ofisa wa forodha hukitoa pale pale mpakani. Mahindi na maharage yamo.

Wengi wakisikia hivyo huruka kwa furaha, kisha wanakwama Manyovu. Kufutwa kwa ushuru hakukufuta karatasi nyingine. Mazao ya chakula yanahitaji kibali cha kusafirisha nje kutoka Wizara ya Kilimo na cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, na upande wa pili wana taratibu zao za kuingiza. Mtu binafsi asiye na karatasi hizi atakwambia ni usumbufu. Kikundi cha watu 18 kinaweza kumteua mmoja azifuatilie kwa niaba ya wote, gharama zikagawanywa. Jumlisheni gharama hizo, kisha linganisheni na alichochukua dalali.

Kuna hatari mbili ambazo karatasi haiziondoi. Moja ni uamuzi wa ghafla wa Serikali. Juni 2017 Rais Magufuli alipiga marufuku mahindi kwenda nje, akihofia njaa, na waliokuwa na mzigo njiani walipata hasara. Hofu yake haikuwa ya bure, lakini mkulima alinyimwa bei nzuri katika msimu aliouhitaji. Kikundi kisipeleke mavuno yote ng'ambo. Ya pili ni fedha. Burundi imekuwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni na mafuta, na thamani ya faranga benki imekuwa mbali sana na ile ya mitaani. Uzeni kwa shilingi. Aliyekubali faranga akitumaini kuzibadilisha wiki ijayo, mara nyingi amejuta.

Upande wa miundombinu hali imebadilika kuliko nilivyotegemea maishani mwangu. Barabara ya Kabingo hadi Manyovu kupitia Kasulu, kilomita 260, ilipata fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika kwa kuwa ni mradi wa nchi mbili: fungu lile lile lilijenga kipande cha Rumonge hadi Gitaza huko Burundi. Kwa maneno mengine, lami ambayo Kasulu tuliililia miaka yote ilikuja tulipoiomba pamoja na jirani. Mwaka 2022 nchi zetu zilikubaliana kuhusu reli ya kisasa kutoka Uvinza hadi Musongati, penye nikeli ya Burundi, na jiwe la msingi likawekwa Musongati Agosti 2025. Rais Ndayishimiye mwenyewe, safari yake ya kwanza nje ya nchi akiwa rais ilikuwa Kigoma, Septemba 2020.

Kibarua kutoka ng'ambo

Sehemu hii najua haitapendwa. Kila msimu wa kilimo Warundi huvuka kuja kulima mashamba yetu. Wengi hawana karatasi. Ujira hukubaliwa kwa mdomo, kwa ekari. Yapo mashamba ambako kazi ikiisha mwenye shamba huwapigia simu watu wa Uhamiaji, vibarua wanakamatwa au kukimbia, na ujira unabaki mfukoni mwake. Nimesikia mtu akisimulia hivyo akicheka, ndani ya kikundi chetu kimoja, katika kikao nilichokuwa nikikiongoza. Sikumkemea siku ile, na jambo hilo limenisumbua tangu hapo.

Aliyeibiwa ujira hurudi kwao akasimulia. Ndugu zake ndio wateja wa maharage yetu, na ndio wanaojua usiku nani kapita na mzigo wa nani. Vikao vya ujirani mwema kati ya viongozi wa mkoa wetu na wenzao wa Burundi vimejadili wizi wa mifugo, silaha na uhamiaji. Upande wa pili mikoa imeunganishwa mwaka 2025: Makamba na Rutana ziko Burunga, Ruyigi na Cankuzo ziko Buhumuza, hivyo maofisa wa kuzungumza nao ni wapya. Naomba wawakilishi wetu wa vijiji walipeleke jambo la ujira kwenye vikao hivyo. Na kabla ya kulipeleka, kila kikundi kijiulize katika daftari lake la msimu uliopita: vibarua wangapi walilima, na wangapi walilipwa?

Kikundi cha Kabanga kimebakiza marejesho mawili. Wameniomba niende nao Manyovu mavuno yajayo yakiwa tayari, kwa gari la mchana, na mama yule yule ndiye aliyechaguliwa kushika karatasi. Vikundi vya Makere na Mabamba vinavyotaka kutuma mjumbe wa kujifunza vinijulishe kupitia ofisi ya dayosisi kabla ya mwisho wa mwezi, maana gari lina nafasi nne tu.