Kitako cha Bunduki ya Nyumbani: Kichaguliwe kwa Bega, Kisichaguliwe kwa Jicho



Mwenye leseni ya bunduki ya marisau, anayeiweka nyumbani kwa ajili ya kujihami, je, anaweza kukiondoa kitako cha asili na kutia kingine? Somo letu la leo linajibu swali hilo kwa ajili ya wakazi wa Kiunga na Ishakani, pamoja na ndugu zao wa Ras Kamboni, Chula, Chovai, Koyama, Ngumi na pwani yote hadi Kismayo. Mpaka umewagawa Wabajuni kwa serikali mbili. Haukuwagawa kwa nasaba wala kwa lugha.

Tunaelewa swali hilo linatoka wapi. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, watu wa visiwa hivi walivamiwa wakiwa hawana mlinzi. Wengi walipanda majahazi wakakimbilia Lamu na Mombasa. Atakayewaambia kwamba hofu yao ni ya bure haijui historia hiyo. Lakini hofu ni mshauri mbaya wa kuchagulia kitako.

Kazi ya kitako

Marisau yanapotoka mbele ya mtutu, bunduki nayo husukumwa nyuma kwa nguvu. Hilo ndilo teke lake. Kitako hulipokea teke hilo na kulitandaza begani, na wakati huohuo huliweka jicho sawa na mtutu. Kwa hiyo kitako ndicho kinachoifunga bunduki na mwili wa mwenyewe. Kitako kilichokatwa, au mshiko mtupu usio na kitako, hulipeleka teke kwenye kifundo cha mkono. Mtutu huruka juu na marisau huenda yasikokusudiwa. Katika mtaa wa nyumba za udongo na makuti, marisau yaliyomkosa mwizi hupenya ukuta na kumkuta jirani kitandani.

Namna ya kupima

Kwanza, toa risasi zote, kagua chemba kwa jicho na kwa kidole, kisha ukague mara ya pili. Pindisha mkono, uweke mwisho wa kitako ndani ya kiwiko. Ikiwa kidole cha shahada kinakifikia kifyatulio bila kujinyoosha wala kujikunja mno, urefu unakaribia kukufaa. Vitako vingi vya kiwandani huwa na urefu wa sentimita 35 au 36 kutoka kifyatulio hadi mwisho. Mwenye mikono mifupi huhitaji pungufu ya hapo. Mpira mzuri wa mwisho wa kitako hupunguza ukali wa teke kuliko mapambo yoyote.

Pili, angalia kilichotengenezewa. Mbao hunywa unyevu wa bahari, huvimba, kisha hupasuka shingoni, pale mkono unaposhikia. Kitako kilichopasuka hapo hakifungwi kwa waya wala kwa gundi, hubadilishwa. Plastiki ngumu haivimbi, lakini skrubu zake hushikwa na kutu kwa sababu ya chumvi. Zikaguliwe na kupakwa mafuta mara kwa mara.

Tatu, kitako kimfae mwenye leseni peke yake. Leseni haimilikiwi na nyumba nzima, na bunduki haiazimwi mke, mtoto wala mlinzi.

Sheria inasemaje

Nchini Kenya, Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, hairuhusu mtu kumiliki bunduki wala risasi bila cheti. Kazi ya kutengeneza bunduki za watu kwa malipo ni ya wafanyabiashara wa silaha waliosajiliwa. Fundi seremala wa kijijini, hata awe hodari wa kuchonga milango, hafai kuombwa kazi hiyo. Kabla ya kubadilisha chochote, nenda na cheti chako kwa ofisa wa polisi wa eneo, uulize msimamo wa Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha, na upate jibu kwa maandishi. Askari wa akiba wa polisi hawana hiari hata kidogo: silaha waliyopewa ni mali ya Serikali, na kitako chake hakiguswi.

Cheti cha Kenya hakivuki mpaka, na karatasi ya upande wa pili haitambuliwi huku. Anayesafiri kwa mashua aiache silaha mahali halali.

Tunatoa onyo maalumu kuhusu kitako cha kukunja. Madukani husifiwa kwa kuwa chepesi, lakini faida yake kubwa ni kuificha bunduki chini ya kikoi au tandiko la mashua. Askari anayesimamisha chombo usiku katika maji haya hana njia ya kujua kwamba aliyeficha silaha ni baba wa familia. Atamchukulia kama adui, na makosa ya sekunde moja hayarudishwi.

Kabla ya kitako

Pwani yetu ina jambo ambalo vitabu vya ugenini havilitaji: watu hurudi nyumbani kwa kufuata maji. Mvuvi huingia saa nane usiku, kimya, asiwaamshe watoto. Nyayo unazozisikia uani huenda zikawa za mwanao. Kwa hiyo weka taa uani, komea mlango, ita kwa jina, mulika tochi, piga simu 999, uwaamshe majirani. Bunduki ikae ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli, risasi zikae kando, na ufunguo uwe nawe. Kitako kizuri kinakusaidia kulenga tu. Hakiwezi kukwambia aliye mbele yako ni nani.

Tahadhari kabla ya hatari.

Maswali ya kujadili barazani

1. Kwa nini kitako kifupi kinaweza kumdhuru jirani?
2. Nani anaruhusiwa kuishika bunduki yenye leseni nyumbani kwako?
3. Familia yako imekubaliana ishara gani kwa anayerudi kutoka baharini usiku?