Lijue Bonde la Mto Wako: Tana Ina Nini Ambacho Hakipatikani Kwingine?

Mto Tana ukifurika, wengi wetu huhesabu hasara: nyumba zilizobomoka, mahindi yaliyosombwa, mifugo, barabara iliyokatika. Hesabu hiyo ni ya haki. Lakini ipo hesabu ya pili ambayo ni nadra kuifanya, yaani ya vitu ambavyo mto huo huo hutupa. Somo hili litakusaidia kuifanya, ili siku utakapoitwa kutoa maoni kuhusu mradi wowote wa mto, uwe na la kusema.

Bonde la mto ni nini?

Bonde la mto ni eneo lote ambalo mvua ikinyesha, maji yake huteremkia mto mmoja. Maji tunayochota Hola mengi yake yalianguka kama mvua kwenye Mlima Kenya na milima ya Aberdare. Yakapita katika mabwawa ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha yakaingia nchi kavu ambako laga huleta maji wakati wa mvua tu. Baada ya safari ya takribani kilomita 1,000, huingia Bahari Hindi karibu na Kipini.

Ili kutambua vitu vya pekee vya bonde hili, jiulize maswali matatu.

1. Ni nini kilichopo hapa tu?

Tazama msitu wa kando ya mto. Ukitembea kidogo tu kutoka ukingoni unakuta vichaka na miiba, lakini ndani ya msitu kuna mikuyu mikubwa na mikindu. Humo wanaishi kima wa aina mbili wasiopatikana porini mahali pengine popote duniani: mbega mwekundu wa Tana na mangabei wa Tana. Hifadhi yao ilitengwa mwaka 1976, na wote wawili wamo katika hatari kubwa ya kutoweka. Msitu ukikatwa, hawana pa kuhamia.

2. Kitu hicho kinategemea nini?

Mvua yetu ni kidogo, haitoshi kulea msitu kama huo. Miti ile hunywa maji yaliyo chini ya ardhi, na mto ndio unaoyajaza. Mafuriko ya msimu huleta pia udongo wenye rutuba, hujaza maziwa madogo ambamo samaki huzaana, na huotesha nyasi ambazo wafugaji huzitegemea kiangazi. Maji yakipungua, mkulima Mpokomo hupanda mpunga na migomba kwenye unyevu uliobaki. Kwa hivyo mkulima, mfugaji, mvuvi na mbega wote wanakula kutoka chungu kimoja.

Tangu bwawa la Masinga likamilike mwaka 1981, mtiririko wa mto umebadilika. Mafuriko ya kawaida yamepungua, na udongo mwingi hubaki bwawani. Uamuzi unaofanywa mamia ya kilomita huko juu hufika hadi msitu wa Mnazini na mashamba ya Garsen.

Hatusemi kwamba aliyepoteza nyumba ashangilie. Gharika kama ile ya mwaka 1997 au ya 2024 ni maafa. Lakini mafuriko ya kadiri, yanayokuja kwa msimu wake, ndiyo mbolea yetu. Busara ni kujenga mahali palipoinuka na kuliachia maji bonde lake.

3. Kikiondoka, nini kitachukua nafasi yake?

Hapa ndipo tunapokadiria thamani, na si lazima iwe kwa shilingi. Mkindu hutoa ukindu wa mikeka mwaka baada ya mwaka. Ukiukata kwa ajili ya shamba, ukingo hulegea na huenda mto ukalichukua shamba lenyewe. Mikoko ya Kipini hupunguza nguvu ya mawimbi na huwalea kamba na samaki wachanga. Maji ya mto nayo huisukuma bahari: yakipungua, maji ya chumvi hupanda na kuingia mashambani, kama wanavyojua wakulima wa Ozi. Delta yetu, yenye zaidi ya hekta 160,000, iliorodheshwa mwaka 2012 chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Ulimwengu umeikubali thamani yake. Nasi tuweze kuieleza.

Zoezi la kijiji

Kusanyikeni wazee, kina mama na vijana. Choreni mto chini mchangani. Wekeni alama penye msitu, ziwa, malisho, mazalio ya samaki, na mahali ambapo mto ulipita zamani. Kwa kila alama, jibuni maswali yale matatu, kisha kijana mmoja aandike majibu daftarini na kulitunza.

Kifungu cha 69 cha Katiba kinaitaka Serikali ihimize wananchi kushiriki katika kusimamia na kulinda mazingira. Mradi ukiletwa, nendeni mkutanoni na daftari hilo na muulize: mradi huu utabadilisha vipi maji yanayotufikia, na kwa msimu gani? Anayejua alicho nacho hapokonywi kimya kimya.