Pole Wasiyopewa

Muhula uliopita kijana mmoja wa pale kituoni, mmoja wa wale wanaobeba mizigo ya abiria, aligongwa na gari usiku akafariki. Wengi wetu tulimjua kwa sura tu. Mimi aliwahi kunibebea godoro hadi hosteli. Ndugu zake walitoka mkoani kuja kuchukua mwili. Wenzake watano, waliokuwa wakilala naye kwenye maboksi nyuma ya vibanda, wakaenda kumuaga. Getini wakaambiwa hapa si mahali pa wahuni, wakafukuzwa.

Jioni wakaniita. Wakanikabidhi bahasha yenye shilingi 14,500, nyingi zikiwa sarafu. "Dada, wewe watakusikiliza. Wape rambirambi yetu." Nikaipeleka. Baba mdogo wa marehemu akaipokea, akaniuliza, "Kwani hawa walikuwa nani kwake?" Nikakosa la kusema. Makala hii ni jibu langu lililochelewa.

Msiba una wenyewe

Kwetu mtu akifiwa, kila kitu kinamtambulisha kuwa ni mfiwa. Watu wanakaa naye, wanampa pole, wanachanga, na chuoni anapewa ruhusa. Lakini nafasi hiyo tunaigawa kwa ukoo na ndoa. Rafiki anabaki nje ya turubai.

Msomi wa Marekani, Kenneth Doka, alihariri kitabu mwaka 1989 kuhusu huzuni ya namna hii: mtu anayo kweli, ila jamii haimpi haki ya kuionyesha. Hutokea pale uhusiano usipotambuliwa, au kifo chenyewe kisipohesabiwa kuwa hasara, au mfiwa asipoonekana mtu wa kuhuzunika. Sasa watazame wale vijana: yote matatu yamewakuta.

Rafiki wa maskani

Mtaani rafiki si wa kupiga naye stori tu. Mmoja akilala, mwingine yuko macho. Ukipata ugali mnagawana, ukiumwa ndiye anayekutafutia dawa. Mara nyingi ni yeye peke yake anayejua jina lako halisi na kijiji ulichotoka. Akifa, umempoteza rafiki na mlinzi kwa mpigo, na usiku huohuo bado unatakiwa kulala palepale.

Ndiyo maana mfiwa wa mtaani anaweza kukesha siku kadhaa, akagombana na kila mtu, au akazidisha gundi. Sisi tukipita tunasema, "Leo wamechachamaa." Hata mimi nimewahi kusema hivyo.

Kwa walimu watarajiwa

Tukienda BTP tutakutana darasani na watoto waliowahi kuishi mitaani. William Worden, anayesomwa sana kwenye unasihi, anasema kuomboleza ni kazi, na kazi mbili za mwanzo ni kukubali kwamba kifo kimetokea na kuyapitia maumivu yake. Mtoto aliyefukuzwa getini amenyimwa zote mbili. Kwa hiyo, mwanafunzi akikwambia mshikaji wake amekufa, muulize jina la marehemu. Mwambie pole kama unavyomwambia aliyefiwa na kaka. Usimwambie "afadhali umeachana na lile kundi." Ukiona halali, hali, au anataja kujidhuru, usibaki nalo peke yako, mfikishe kwa mwalimu wa unasihi au afisa ustawi wa jamii.

Huko Marekani, tangu 1990, kila Desemba 21 watu hukusanyika mijini kuwakumbuka waliofariki bila makazi, na majina yao husomwa kwa sauti. Usiku huo ndio mrefu kuliko wote kwao. Sisi hatuna haja ya kungoja tarehe. Kituo kipo hapo, na tunapita kila siku.

Wiki nzima baada ya mazishi hakuna aliyelala sehemu yake. Kandambili zake zilibaki pembeni ya boksi. Baba mdogo akiniuliza tena leo, nitamjibu: "Baba, hawa ndio waliokuwa macho yeye akilala. Na wao wamefiwa."