Nyaya za Meno: Kinachosogea na Kinachoyeyuka

Kijana anapofungwa nyaya za meno, mambo mawili huanza kinywani mwake siku hiyohiyo. Meno huanza kusogea, na chakula hupata mahali papya pa kujificha. Jambo la kwanza ni kazi ya daktari. La pili, karibu lote, liko mikononi mwa kijana mwenyewe, na ndilo huamua meno yatakuwaje siku nyaya zitakapotolewa. Ili kuelewa kwa nini, ni vyema kuanza na jino lenyewe.

Sehemu ya jino inayoonekana mtu anapocheka huitwa taji, na iliyozama ndani ya taya huitwa mzizi. Taji limevikwa tabaka gumu liitwalo enameli. Chini ya enameli kuna dentini, ambayo ni laini kidogo na ina umanjano hafifu. Katikati kabisa kuna uwazi wenye mishipa ya damu na ya fahamu, na hapo ndipo hutoka yale maumivu ya usiku jino linapotoboka hadi ndani.

Enameli ni kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa binadamu. Yapata asilimia 96 ya uzito wake ni madini, hasa kalsiamu na fosfeti, yaliyojipanga katika fuwele ndogo mno. Seli zinazoitengeneza hufanya kazi jino likiwa bado limefichika chini ya ufizi, na jino likishachomoza seli hizo hutoweka. Tangu hapo hakuna kilicho hai ndani ya enameli. Ngozi ikichubuka hujifunga na mfupa ukivunjika huunga, lakini enameli ikimeguka haioti tena.

Mfupa wa taya una tabia tofauti kabisa. Mfupa uko hai. Ndani yake zimo seli zinazobomoa mfupa wa zamani na nyingine zinazojenga mpya, na kazi hiyo haikomi maisha yote. Tena jino halikugandamana na mfupa huo. Nguzo ya ua ikichimbiwa ardhini hugusana na udongo moja kwa moja, lakini kati ya mzizi wa jino na mfupa kuna kano nyembamba, yenye unene wa takriban sehemu mbili za kumi za milimita, iliyojaa nyuzi, seli na mishipa ya damu. Jino limening'inizwa ndani ya shimo lake, ndiyo maana hata jino zima, likisukumwa kwa kidole, hutikisika kidogo sana.

Sasa tuingize waya. Kwenye uso wa kila jino daktari hugandisha kichuma kidogo chenye mfereji katikati. Katika makala hii tutakiita kishikizo. Waya mmoja hupitishwa katika mifereji ya vishikizo vyote. Waya wa mwanzo kwa kawaida ni mchanganyiko wa nikeli na titani, metali ambayo hata ikipindwa hutafuta kurudia umbo lake la awali. Meno yakiwa yamepandana, waya hulazimika kujipinda ili uingie katika kila mfereji. Kisha, usiku na mchana, hujaribu kunyooka, na katika kunyooka huko huvuta meno pole pole.

Jino likivutwa upande mmoja, kano ya upande huo hubanwa na ya upande wa pili hutanuka. Palipobanwa, seli zinazobomoa huja kumumunya mfupa. Palipotanuka, zile zinazojenga hujaza mfupa mpya. Shimo lote la jino huhama, na jino huhama nalo. Msweden Carl Sandstedt aliyaona mabadiliko haya kwa hadubini mwaka 1904, baada ya kuyavuta meno ya mbwa na kuchunguza tishu zake.

Kutokana na hayo linafuata jambo ambalo vijana wengi hawaliamini kwa urahisi: kukaza zaidi si kuharakisha. Nguvu ikizidi, mishipa ya damu iliyo ndani ya kano hubanwa hadi damu haipiti. Seli za kubomoa mfupa hukosa njia, na jino husimama likingoja. Nguvu ndogo ya kudumu ndiyo inayosogeza, kwa mwendo wa kama milimita moja kwa mwezi. Hivyo matibabu huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili kwa wengi, na baadhi yao zaidi. Ujana hupendelewa kwa kazi hii kwa sababu kufikia miaka 12 au 13 meno mengi ya ukubwani yameshachomoza, huku taya zikiwa bado zinakua. Mtu mzima naye anaweza kutibiwa, kwani mfupa wake pia uko hai.

Hapa inafaa kuongeza neno moja. Waya huziba nafasi zote daktari akiuelekeza hivyo. Mwanya wa mbele, ambao kwetu umehesabiwa urembo tangu zamani, si ugonjwa, na anayetaka ubaki aseme mapema, kabla nyaya hazijafungwa.

Turudi kwenye kishikizo. Kinawezaje kushika juu ya kitu kilicho laini kama kioo? Mwaka 1955 Michael Buonocore, mtaalamu wa meno wa Marekani, alionyesha kwamba enameli ikipakwa asidi ya fosfori kwa muda mfupi, uso wake huparuzika na kuwa na vitundu visivyoonekana kwa macho. Gundi ikimiminwa hapo huingia vitunduni, na ikikauka hushika barabara. Daktari hufanya hivyo kwa sekunde chache, mahali padogo, kisha hupaziba. Lakini somo lililomo ni pana zaidi: kile kitu kigumu kuliko vyote mwilini huyeyushwa na asidi.

Na kinywani asidi hutengenezwa kila siku. Juu ya meno hujijenga utando laini, mweupe au wa manjano, unaoitwa ukoga. Ukoga ni makazi ya bakteria. Bakteria hawa hula sukari na wanga uliovunjika, na baada ya kula hutoa asidi. Ukali wa asidi hupimwa kwa kipimo cha pH, ambapo maji safi ni 7, na namba ikishuka asidi huwa kali zaidi. Dakika chache baada ya mtu kula kitu kitamu, pH ndani ya ukoga huweza kushuka chini ya 5.5, na hapo enameli huanza kupoteza madini yake. Kisha mate hufanya kazi yake: huipooza asidi, na kwa kuwa yenyewe yana kalsiamu na fosfeti, hurudisha sehemu ya madini yaliyotoka. Kazi hiyo huchukua kama nusu saa, pengine saa nzima.

Kwa hiyo idadi ya mara ambazo mtu anakula sukari ina uzito kuliko kiasi anachokula. Chukua soda moja. Aliyeinywa pamoja na chakula cha mchana akaimaliza ameyapa meno yake kipindi kimoja cha asidi. Aliyeibeba chupa ileile na kuionja kidogo kidogo tangu saa nane hadi saa kumi amerudisha saa nyuma kila alipopiga funda, na mate hayakupata nafasi ya kurekebisha kitu hadi karibu saa kumi na moja. Ubuyu wa rangi unaomung'unywa njia nzima kutoka shuleni hufanya vivyo hivyo. Soda zisizo na sukari nazo haziko salama kabisa, kwa kuwa zina asidi yake zenyewe.

Kwa mwenye nyaya tatizo huongezeka kwa sababu ya umbo tu. Uso wa jino ambao mwanzo ulikuwa wazi, ukisuguliwa na ulimi, midomo na mate, sasa una kona nne kuzunguka kila kishikizo, na waya umepita juu yake. Ukoga hutulia kati ya kishikizo na ufizi. Ukiachwa hapo, alama ya kwanza huweza kuonekana hata ndani ya wiki nne, nayo ni doa jeupe kama chokaa.

Doa hilo linafaa kuchunguzwa kwa karibu. Simama penye mwanga, piga mswaki, kisha futa jino moja la mbele kwa kitambaa safi hadi likauke na ulitazame kwenye kioo. Mahali palipopoteza madini pataonekana peupe zaidi, pasipo mng'ao, kuliko enameli ya jirani. Likilowa mate, doa huweza kupotea machoni. Sababu ni kwamba enameli iliyopungukiwa madini ina vitundu. Vikijaa maji, mwanga hupita bila kutawanyika sana. Vikijaa hewa, mwanga hutawanyika na jicho huona weupe. Doa linaloonekana jino likiwa kavu tu bado ni changa. Linaloonekana hata jino likiwa limelowa limekwenda ndani zaidi, na daktari aambiwe. Bahati mbaya, wengi huyaona madoa haya siku vishikizo vinapobanduliwa, yakiwa yamechora mraba kuzunguka mahali kilipokuwa kila kishikizo.

Kinga kubwa ni kuondoa ukoga. Mswaki uwe laini. Uulaze kwa mshazari juu ya kishikizo ukielekea chini, kisha chini ya kishikizo ukielekea juu, halafu usugue kwenye ufizi wenyewe. Chini ya waya, kati ya kishikizo kimoja na kingine, mswaki wa kawaida haufiki; pitisha kiswaki kidogo chembamba cha katikati ya meno. Mswaki wa mti umehifadhi meno ya watu wengi wa pwani kwa karne nyingi na hauna ubaya wowote, ila hauwezi kuingia chini ya waya. Fanya hivi asubuhi na usiku, na baada ya mlo wa mchana sukutua kwa maji ikiwa mswaki haupo. Ufizi ukitoa damu usiache kupiga mswaki. Mara nyingi damu hiyo yatokana na ukoga ulioachwa pale.

Dawa ya meno iwe na floraidi. Madini haya hujiunga na fuwele za enameli na kuzifanya zihimili asidi zaidi. Wasomaji wa Arusha na vijiji vya kuzunguka Mlima Meru, wanaojua meno ya kahawia yaletwayo na maji yenye floraidi nyingi, huenda wakasita. Ukahawia ule huingia utotoni, wakati enameli inatengenezwa chini ya ufizi, na kwa kijana ambaye meno yake ya mbele yameshachomoza wakati huo umepita. Wao wana jambo lingine la kumweleza daktari: enameli ya namna hiyo huparuzika kwa shida, na vishikizo huweza kubanduka upesi.

Kuhusu chakula, adui wa waya ni kile kinachong'atwa kwa nguvu au kinachoganda. Muwa, mahindi ya kuchoma kwenye gunzi, barafu, mifupa ya kuku, kashata na chingamu viache. Mahindi yapukuchue, embe likate vipande. Kishikizo kikibanduka, usikivute. Jino hilo sasa halivutwi, basi mpigie daktari upangiwe siku ya karibu. Ncha ya waya ikichoma shavu, kausha mahali hapo na ubandike kipande cha nta ya meno. Maumivu ya siku chache baada ya kila marekebisho ni ya kawaida, na uji au viazi vya kuponda vyatosha siku hizo.

Nyaya zikitolewa, mfupa mpya bado haujakomaa, na nyuzi za ufizi zilizovutwa huchukua miezi mingi kujipanga upya. Meno hutaka kurudi yalikotoka. Ndiyo maana hutolewa kifaa cha kuyashikilia, mara nyingi cha plastiki, kinachovaliwa kwa muda ambao daktari atapanga na baadaye usiku tu, kwa miaka. Kisafishwe kwa mswaki na maji baridi, kwani maji ya moto hukipinda, na kifaa kilichopinda hakiyashiki tena meno mahali pake.