Shamba la Ngamia la Bikaner: Nenda Alasiri, Uliza Sana

Ukifika Bikaner, mji wa jangwani katika jimbo la Rajasthan nchini India, asubuhi izungukie ngome ya Junagarh. Alasiri yote iachie Kituo cha Taifa cha Utafiti wa Ngamia. Kilianzishwa mwaka 1984, nacho kiko Jorbeer, kilomita chache nje ya mji. Bajaji zinafika huko. Patana na dereva nauli ya kwenda na kurudi, na akubali kukusubiri.

Kwa kawaida wageni hupokewa kuanzia saa nane mchana, lakini thibitisha hotelini kabla ya kutoka. Uhondo wenyewe huanza saa kumi hivi, kundi linaporudi kutoka malishoni, wakubwa kwa ndama, vumbi likiwafuata hadi mazizini. Aliyeondoka saa tisa amekosa jambo kubwa.

Msimu unaofaa ni Novemba hadi Februari, kwani kiangazi cha Rajasthan huweza kupita nyuzi 45. Beba sweta, jangwa hupoa haraka jua likizama. Vaa viatu vya kufunika vidole.

Miezi hiyo ndiyo madume hupanda. Utamwona dume akitoa povu mdomoni, akisaga meno, na kaakaa lake laini likichomoza pembeni mwa mdomo kama puto jekundu, huku tezi za kisogoni zikichuruzika majimaji yenye harufu kali. Chakula hakitaki, na mwili humwisha. Ni maajabu kuyatazama, ila baki nje ya uzio. Dume wa namna hiyo huuma vibaya, na hata mchungaji aliyemlea humkaribia kwa tahadhari. Usijiweke kamwe kati yake na majike.

Majira hayohayo ndama huzaliwa, kwa kuwa jike hubeba mimba kwa takribani miezi 13. Huzaa ndama mmoja, na mara nyingi hupita miaka miwili kabla ya kuzaa tena. Liweke hilo akilini unaposikia kwamba India ilikuwa na ngamia wapatao 400,000 mwaka 2012, na kufikia sensa ya mifugo ya 2019 walikuwa wamebaki kama 250,000. Trekta na malori yamechukua kazi yao, na malisho yamepungua. Kundi linalozaa polepole hivyo halirudi upesi likishapungua, na kwangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kulitembelea shamba hili.

Mwombe mwongozaji akuonyeshe ngamia wa aina ya Bikaneri na Jaisalmeri wakiwa pamoja. Bikaneri ni mzito, wa kubeba mizigo, na wengine wana manyoya marefu kwenye nyusi na masikio. Jaisalmeri ni mwembamba, miguu mirefu, mwenye mbio. Wapo pia Kachchhi, na Mewari anayesifika kwa maziwa. Kama umetoka Kenya, ambako sensa ya 2019 ilihesabu ngamia zaidi ya milioni 4, usiishie kupiga picha. Uliza wanavyochagua dume la mbegu, jike hutoa lita ngapi kwa siku, na maziwa yanahifadhiwaje yasiharibike njiani. Mfugaji wa Garissa au Marsabit atakushukuru kwa majibu hayo.

Ukitaka kumgusa mnyama, omba ruhusa kwanza, gusa shingo, epuka pua na mdomo, kisha nawa mikono kwa sabuni. Maziwa mabichi usinywe hata ukikaribishwa kwa moyo mweupe, kwani yanaweza kuambukiza ugonjwa wa brusela. Ya dukani yaliyochemshwa hayana shida.

Kumpanda ngamia si lazima. Matuta ya mchanga nje ya mji yanafaa zaidi kwa hilo. Ukipanda, kumbuka kwamba akiinuka hutanguliza miguu ya nyuma, hivyo utasukumwa mbele ghafla. Egemea nyuma na ushike tandiko kwa mikono miwili.

Kabla ya kutoka, pita kwenye kibanda cha maziwa. Kuna aiskrimu, kulfi na chai, vyote vya maziwa ya ngamia, na ladha yake ina chumvi kidogo. Nunua, na ukirudi mjini ulizia tena maziwa hayo madukani. Mfugaji wa Rajasthan hapati tena wengi wa kuwakodishia ngamia wa mizigo. Akikosa na mnunuzi wa maziwa, atawauza majike yake.