Vurugu na Fitina

SWALI: Huku Nachingwea na Ruangwa, kwenye minada ya korosho ya chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, watu huonywa wasilete vurugu. Neno hili limetoka wapi? Ni sawa na fitina?

JIBU: Vurugu limetokana na kitenzi vuruga: kukoroga, kuchafua kilichotulia au kilichopangwa. Kiishio -a kimegeuka -u, tukapata nomino. Kutoka kitenzi hicho tuna pia vurugika, vurugana na mvurugano.

Fitina ni la Kiarabu. Mzizi wake ulihusu kuyeyusha dhahabu motoni ili kuipima; maana ikahamia kwenye jaribu, kisha kwenye uchochezi wa kugombanisha watu.

Basi anayenong’ona uongo kuhusu bei ili wakulima wagombane ni mfitini. Anayepindua mizani na kusukuma watu ni mvurugaji. Mara nyingi wa kwanza humtangulia wa pili.