Hesabu Siku, Usihesabu Dalili

Ulifanya ngono bila kinga, au kondomu ilipasuka, na sasa kila homa inakutia hofu ya HIV. Homa au kipele hakiwezi kukupa jibu. Jibu hutoka kwenye kipimo. Anza kwa kuhesabu siku.

Kama saa 72 hazijapita: nenda hospitali ya umma leo hii, hata usiku, uulize dawa za PEP. Huzuia maambukizi na humezwa kila siku kwa siku 28. Kadiri unavyochelewa, ndivyo zinavyopungua nguvu.

Kama saa 72 zimepita: pimwa sasa, kisha urudie miezi 3 baada ya tukio, kwani kipimo cha mapema huenda kisione maambukizi mapya. Kwa wakati huo tumia kondomu.

Kama miezi 3 imeshapita: kipimo kitakuondolea shaka.

Majibu ni siri yako. Ukipatikana na virusi, anza ARV mara moja. Virusi vikishuka hadi visionekane kwenye kipimo, na ukiendelea kumeza dawa, hutamwambukiza mwenzako kwa njia ya ngono.